Kesi ya Gego la Mwisho

Nimeng'olewa meno mara mbili maishani. Mara ya kwanza nilikuwa na miezi sita, na aliyening'oa alikuwa bibi yangu mzaa mama. Mara ya pili nilikuwa na miaka 28, na aliyening'oa alivaa glavu. Bibi alitumia spoki ya baiskeli. Yule wa pili alikuwa na sindano ya ganzi, taa, picha ya eksirei na kijimashine cha kukatia mfupa. Watu wakisikia habari hii huchora mstari katikati upesi upesi: huku ujinga, huku elimu, yameisha, twende tukale. Mimi mstari huo umenishinda kuuchora.

Nianze na mara ya pili, maana ndiyo ninayoikumbuka.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari huku Rwimbogo, Rwanda, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka senta ya Mushaka, kwenye barabara inayotoka Kamembe kuteremkia Bugarama. Mambo yalianza kwa ganda la haragwe. Nyuma kabisa ya taya la chini, upande wa kulia, ufizi ulikuwa umelifunika gego nusu, kama blanketi fupi, na ganda likaingia chini yake likakaa. Siku ya tatu shavu lilikuwa limejaa, mate yananuka, na mdomo haufunguki zaidi ya upana wa kidole kimoja. Jaribu kufundisha ngeli ya KI-VI ukiwa umefunga taya. Wanafunzi walidhani nimewakasirikia, wakafanya kazi zote nilizowapa. Sijapata tena nidhamu ya namna ile.

Kwenye kituo cha afya nililipa faranga 200 alizokuwa akilipa mwenye mituweli, bima ya afya ya jamii, nikapewa amoksisilini na metronidazo, nikaambiwa nisukutue kwa maji ya chumvi, na uvimbe ukishuka niende hospitali ya wilaya na karatasi ya transferi. Kijana aliyenipokea huko hakuwa na papara. Kwa Kinyarwanda tunamwita muganga, na hapo mwalimu wa Kiswahili hucheka peke yake: iache ile "u" umpate mtu wa hospitali, iondoe umpate mganga wa mizizi na hirizi. Herufi moja tu ndiyo iliyosimama kati yake na bibi yangu.

"Mwalimu, tazama," akaniambia. Kwenye picha, gego langu la chini kulia lilikuwa limelala ubavu, kichwa limekiegemeza kwa jirani yake, kama abiria aliyesinzia kwenye basi la Kigali akamlalia mwenzake begani. Halingesimama tena. Na jirani mwenyewe, pale alipoegemewa, alikwisha kuanza kutoboka. Magego mawili ya mwisho ya juu yalikuwa yameota yamenyooka. La chini kushoto lilikuwa limeinama kidogo, limefunikwa lote na mfupa, halina alama ya ugonjwa.

"Na hayo matatu tutayatoa lini?" nikauliza.

Akanitazama kidogo. "Hayo yamekosa nini, mwalimu?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Neno kukosa lina pande mbili katika lugha ninayoifundisha: mtu aliyekosa ni mwenye hatia, na mtu aliyekosa ni yule asiyepata kitu. Jino langu la kulia lilikosa nafasi, ndipo likakosa. Yale matatu sikuweza kuyatajia kosa lolote. Basi kwa nini nilikuwa na haraka ya kuyaondoa? Nani aliyenifundisha haraka hiyo?

Nilizaliwa mapema mwaka 1995, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, upande wa pili wa mto Rusizi, katika kambi ya wakimbizi karibu na Bukavu, Kongo. Maji ya kambi yalikuwa machafu, na watoto waliharisha. Nilipofika miezi sita nikaanza na mimi, kuhara na homa. Bibi akapitisha kidole kwenye ufizi wangu wa chini akakuta vivimbe viwili vyeupe, mahali pa chonge, kimoja kila upande. Kwa Kinyarwanda vinaitwa ibyinyo. Uganda wanasema ebiino, Tanzania ni meno ya plastiki, na wengine huko wanasema meno ya nailoni. Majina mengi, imani moja: kwamba ndani ya ufizi wa mtoto mchanga kuna jino la uongo, laini na jeupe kama funza, ambalo ndilo linalomletea homa na kuhara, na lisipotolewa mapema litamwua. Kilichomo kweli ni chonge ya utotoni ambayo haijamaliza kujijenga. Ni laini, ndiyo. Kitu gani si laini kabla ya wakati wake?

Bibi akazitoa zote mbili, akasugua chumvi. Chonge zangu za chini za ukubwani zinasimulia yaliyobaki: moja haikuota kabisa, ya pili imeota pembeni, ndogo, ya kahawia, kama mbegu ya ndimu. Nikicheka huweka mkono mdomoni. Wanafunzi wanadhani ni adabu.

Lakini nilipona, na hapo ndipo penye ugumu wote. Mtoto akiendelea kunyonya, kuhara mara nyingi huisha kwenyewe, ila nani angemwambia hivyo mwanamke aliyekuwa anaona vijeneza vikipita mbele ya hema? Alifanya jambo, na mjukuu akapona. Akapona na wa jirani. Tuliporudi mwishoni mwa 1996 alikuwa na jina tayari, na akina mama walimletea watoto kutoka vilima vya mbali. Waliopona walitoa ushahidi kila siku kwa kule kucheza tu uani. Wasiopona hawakuwa na wa kuwasemea. Katika kesi ya jino la uongo, mashahidi wote wa upande mmoja walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Siku hizi washauri wa afya wa vijiji hupita nyumba kwa nyumba kuwakataza akina mama jambo hili na kuwaelekeza kwenye kituo, ambako mtoto hupewa maji ya chumvi na sukari. Bibi aliacha miaka mingi iliyopita. Hakusema kwa nini aliacha, nami sikumwuliza.

Nikiwa nasubiri siku ya hospitali, nilizungumza kwa simu na binamu yangu aliyeko Marekani. Yeye aliondolewa manne yote kwa siku moja akiwa na miaka 18, amelazwa usingizi, na hayakuwa yamemwuma hata mara moja. "Dada, usiwe mjinga, toa yote kabla hayajaanza," akaniambia. Nikaisikia sauti ya bibi ndani ya sauti yake, ikiwa na lafudhi ya Marekani.

Nisimwonee. Wanaong'oa mapema wana hoja zao, na si za kipuuzi. Kijana bado ana mfupa laini, mizizi ya jino haijarefuka kuukaribia mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya, kidonda kinafunga haraka. Jino lililolala linaweza kumtoboa jirani kimyakimya miaka mitatu, siku ya kupata habari wameharibika wote wawili. Langu lilifanya hivyohivyo. Ila upande wa pili nao una mizani yake. Mshipa ule ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu hufa ganzi, kwa wiki, kwa miezi, kwa wachache maisha yote. Bonge la damu linaloziba shimo likitoka kabla ya wakati, mfupa hubaki wazi, na maumivu ya siku ya tatu huyapita yale yaliyokupeleka hospitali. Kuyabeba hayo kwa ajili ya jino bovu ni sawa. Kuyabeba kwa ajili ya jino zima kunahitaji maelezo. Mwaka 2000 NICE, taasisi inayoishauri huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ilitoa mwongozo kwamba magego ya mwisho yaliyokwama lakini hayana ugonjwa yasing'olewe kwa kinga tu. Kwa hiyo jino lilelile, katika taya lilelile, lina hatia likiwa upande mmoja wa Atlantiki na halina likiwa upande wa pili. Binamu hakupenda niliposema hivyo.

Jino lenyewe lina majina ya heshima kuliko matendo yake. Ni jino la akili, kwa sababu huota kati ya miaka 17 na 25 hivi, mtu anapotarajiwa kuwa ameacha utoto. Wagiriki wa kale walilihusisha na busara, Wafaransa vivyo hivyo, na hospitalini kwetu bado utasikia Kifaransa hicho. Kwa Kiarabu liko neno nawajidh. Mtume alipowausia watu wazishike Sunna zake kwa kuzing'ata, hilo ndilo neno lililotumika, na wengi walioeleza hadithi hiyo wamesema maana yake ni magego, na wengi wa hao wakasema ni yale ya mwisho kabisa. Ajabu kidogo: kifaa tunachokitupa kwenye ndoo ya hospitali ndicho kilichotajwa kwa kazi ya kung'ang'ania imani.

Habari ya nawajidh nilipewa na baba mdogo. Upande wa baba yangu ni Waislamu wa Bugarama, upande wa mama ni Wakatoliki wa Mushaka, na kwetu swali moja hupata majibu mawili na sahani mbili. Mama alinikumbusha Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria, aliyevunjwa meno kabla ya kufa shahidi mwaka 249, ambaye wenye maumivu ya meno humwomba na sikukuu yake ni 9 Februari. Nikamwomba; sikuona ubaya. Baba mdogo yeye alitaka kujua kwanza nimeuliza nini.

Nilimwuliza kama Mungu anaweza kuumba kitu cha ziada.

"Hakuumba kitu bure," akasema.

"Basi kwa nini aniwekee jino lisilo na pa kukaa?"

"Pa kukaa palikuwapo. Aliyepapunguza ni nani? Wewe ulikula muwa lini mara ya mwisho?"

Tulikuwa tumekaa nje, kando ya barabara ya kuelekea mashamba ya mpunga, na kwa kweli mezani palikuwa na wali laini na sambaza, samaki wadogo wasiohitaji hata jino moja. Wataalamu wa mifupa ya kale wanakaribia kusema alichokisema: taya hukua kwa kazi, na mtoto anayelelewa kwa chakula kilichopikwa kikalainika hapati taya la mababu zake waliotafuna mizizi na nyama ngumu, ingawa idadi ya meno imebaki ileile. Darwin naye, katika kitabu chake cha 1871 juu ya asili ya binadamu, aliyataja magego haya kuwa yanaelekea kudumaa kwa watu wa maisha ya kistaarabu. Sikumwambia baba mdogo kwamba yeye na Darwin wamekaa mkeka mmoja.

Kisha akanipa hesabu ambayo sijaacha kuifikiria. Katika sheria ya Kiislamu, dia, yaani fidia, ya uhai wa mtu ni ngamia 100. Anayemvunja mwenzake jino la mbele hulipa ngamia 5. Magego je? Imo katika Muwatta ya Imamu Malik: Khalifa Umar alihukumu ngamia 1 kwa kila gego, Muawiya baadaye akahukumu 5. Said bin al-Musayyab, mwanachuoni wa Madina, akaona kwa hukumu ya Umar dia inapungua na kwa ya Muawiya inazidi, akasema kama ingekuwa juu yake angeweka ngamia 2. Chukua kalamu na karatasi. Meno ya mbele ni 12, mara 5 ni 60. Magego ni 20. Kwa Umar unapata 20 nyingine, jumla 80: kinywa kizima hakifiki thamani ya mtu. Kwa Muawiya unapata 100 juu ya 60, kinywa kinampita mwenye kinywa. Kwa Said, magego 20 mara 2 ni 40, na 60 ni 100. Kinywa kizima sawasawa na uhai mmoja. (Wanazuoni wengi hawakumfuata; walishika 5 kwa kila jino, la mbele na la nyuma, bila kujali jumla. Nadhani hawakuwa walimu wa hesabu.)

Usiku nikiwa kitandani na shavu langu ndipo nilipoona jambo ambalo baba mdogo hakulitaja. Hesabu ya Said hukaa sawa kwa sharti moja: magego yawe 20. Na hayawi 20 mpaka uhesabu yale manne ya mwisho. Yaondoe, yabaki 16, mara 2 ni 32, ongeza 60, ni 92. Mtu anapungukiwa ngamia wanane.

Najua hesabu ya fidia si hesabu ya tiba. Wapo watu wanaozaliwa bila magego hayo na hakuna aliyewadai ngamia. Lakini ilinitoa katika fikra kwamba yapo meno ya kweli na meno ya ziada, kwamba mwili una raia na wageni. Bibi aliwaza hivyo alipoona weupe kwenye ufizi. Binamu anawaza hivyo. Mimi niliwaza hivyo pia hospitalini, nilipouliza "tutayatoa lini" badala ya kuuliza "yana nini". Mtu aliyezaliwa 1995 mahali nilipozaliwa mimi, kwa sababu zilizowapeleka wazazi wangu pale, akisikia kwamba kipo kitu kimeota katikati yetu si chetu, kitolewe kabla hakijatudhuru, angepaswa kushtuka mapema kuliko nilivyoshtuka. Sitaendelea na hilo. Jino ni jino, na wafu wetu si mfano wa kufundishia.

Baba mdogo ana kanuni moja anayoirudia hata kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba: yakini haiondolewi na shaka. Ni kanuni ya mafakihi, ya zamani. Ukiwa na udhu na ukashuku tu kwamba umetenguka, udhu wako upo. Nilijaribu kuivaa kwenye taya langu ikanitosha. Gego la kulia lilikuwa na ushahidi: picha, usaha, tundu kwa jirani, homa ya siku tatu. Kulitoa si kuvunja amana, ni kuitunza. Yale matatu yalikuwa na tuhuma tu. Tuhuma inaruhusu kuangalia, ndiyo maana nimeandikiwa kurudi kupiga picha nyingine. Hairuhusu koleo.

Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliyasema haya kwa lugha ya kazi yake. Aliwaonya vinyozi waliokuwa waking'oa meno kwamba jino ni kiungo chenye heshima kisicho na badala, wasiliharakie. Na kwamba maumivu humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima, likang'olewa, kisha maumivu yakabaki palepale. Hilo la pili ndilo limenikaa. Maumivu yangu ya 1995 yalikuwa ya tumbo. Yalionyeshwa mdomoni.

Siku yenyewe haikuwa na mengi. Sindano tatu za ganzi, mojawapo ya kina kirefu nyuma ya taya. Ulimi ukawa mzito kama wa mtu mwingine. Sikusikia maumivu, nilisikia kusukumwa, na mlio ndani ya fuvu ambao hakuna anayeusikia isipokuwa wewe. Alifungua ufizi, akakata mfupa kidogo, akalipasua jino vipande viwili ili lisiende na jirani, akatoa kipande kimoja, kisha kingine, akashona nyuzi tatu. Nikang'ata shashi nusu saa. Nisiteme mate, nisisukutue mpaka kesho, nisinywe kwa mrija, uji uwe wa vuguvugu. Niliomba jino langu. Akalifunga kwenye shashi akanipa bila kuuliza la nini.

Ijumaa iliyofuata nikampelekea bibi.

Amepita miaka themanini. Hakuna aliyeandika mwaka. Macho yamefifia lakini vidole bado vinaona. Aristotle aliandika kwamba wapo wanawake walioota gego la mwisho wakiwa na miaka 80 na zaidi, kwa maumivu makali. Bibi yangu hakuota kipya, ila katika meno yaliyombakia mdomoni, moja liko nyuma kabisa, juu kushoto, na ndilo analolitegemea kwa muwa. Huugeuza muwa upande mpaka ulifikie.

"Nyogokuru, wamenitoa jino," nikamwambia, nikampa vile vipande mkononi.

Akavigusa kimoja kimoja. Akavifuata mizizi mpaka nchani, akavisogeza vikakutana palipopasuliwa. Kazi aliijua.

"Hili lilikuwa limekomaa," akasema. "Liliuma?"

"Liliuma."

"Mengine?"

"Hayaumi. Wameyaacha."

Akanyamaza. Alikuwa bado anavibana vile vipande viwili pamoja, kana kwamba vingeshikana. Tulikwenda nyuma ya nyumba, penye mgomba wa kwanza, nikachimba kwa kijiti, yeye akavitia. Wakati ananishika bega ainuke nikamwuliza, maana nafasi nyingine sikujua kama ningeipata, yale yangu mawili ya kwanza aliyaweka wapi.

"Yako niliyaacha Kongo," akasema, akafukia kwa kisigino.